Mwenyekiti na Kibanda Kilichoganda

Orrin Stadsvold ana sauti nzuri, hilo hata mimi simnyimi. Ni sauti ya mtu aliyemeza asali peke yake. Kwa miaka ishirini na miwili, kila Jumamosi saa moja asubuhi, redio ya mji wetu ilimpa dakika kumi za habari za barafuni: samaki wako wapi, barafu ina unene gani, sheria ipi imebadilika, na nani aache kufanya nini. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Habari za samaki alizipitia mbiombio, kama mtoto anayemeza dawa. Akifika kwenye sheria anajiweka sawa, mpaka unasikia kiti cha studio kikilia.

Mimi ni Arlys Penttila. Nina duka la chambo kwenye mteremko wa kuingilia Ziwa Hegrud, na kwa kuwa nina jiko, kahawa na viti tisa, nina pia habari zote za huku kwetu, za kweli na zile tamu zaidi. Kila Ijumaa Orrin alikuja, akakaa karibu na jiko, akaagiza pai ya tufaha, akauliza kama mtu anayepitisha muda tu, "Haya Arlys, wanasemaje huko nje?" Nami mdomo wangu hauna kufuli. Nilimwambia nani kavua nini, wapi, kwa chambo gani. Kesho yake nikasikia maneno yangu redioni, yamevalishwa suti. Sikulalamika. Nani hapendi kusikika, hata kwa mdomo wa mwingine?

Sheria yenyewe kila mtu huku anaijua na hakuna anayeipinga: Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, kabla jua halijazama, vibanda vyote vya kuvulia juu ya barafu viwe vimetoka ziwani. Kibanda ukikiacha, barafu inaoza, kinazama na jiko lake na vitanda vyake, halafu mwezi wa sita mtu anakigonga kwa mashua. Sawa kabisa. Lakini Orrin, mwenyekiti wa klabu yetu ya wavuvi, hakutosheka. Akaongeza ya kwake: mwanachama yeyote atakayeandikiwa faini na Bibi Samaki, ndivyo tunavyomwita askari wa uvuvi, anatoka klabuni miaka miwili, na kama ana cheo, cheo kinakwenda siku hiyo hiyo. Akaisoma redioni Jumamosi tatu mfululizo, eti tuielewe.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Verlyn Haugdahl. Mwaka jana mkewe, Bernelle, alipasuliwa moyo huko mjini, na Verlyn akalala kwenye kiti pembeni ya kitanda chake siku kumi na moja. Kibanda chake kikachelewa siku mbili. Siku mbili! Orrin akapiga simu kwa Bibi Samaki mwenyewe. Halafu Jumamosi: "Kuna mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi, mwenye kibanda cha kijani chenye pembe mlangoni..." Kijani chenye pembe mlangoni kilikuwa kimoja tu ziwa zima. Verlyn akatoka klabuni. Na kwa kuwa klabu ndiyo inayofagia theluji kwenye njia ya kuingia, na asiye mwanachama haruhusiwi kuipita, baridi hii yote amekuwa akizunguka maili kumi na saba kuingilia upande wa pili. Mtu aliyewafundisha nusu ya klabu kufunga ndoano.

Sisi wengine tulinyamaza. Tulisema mengi dukani kwangu, lakini mkutanoni tulinyamaza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka huu Orrin akaja na kibanda kipya. Kibanda gani, ile ni nyumba! Kapeti, vitanda vinne, runinga, jiko la gesi, na magurudumu unayoyapandisha kwa mashine ili sakafu ilale juu ya barafu. Akakivuta hadi katikati ya ziwa wiki ya Krismasi, akakiegesha pale ambapo hata aliye kanisani angekiona dirishani. Duke Wojtasek, ambaye anatengeneza injini na hana breki ya ulimi, akamuuliza, "Mwenyekiti, vigogo viko wapi?"

Maana huku kwetu hakuna anayelaza kibanda moja kwa moja kwenye barafu. Unaweka vigogo vya mbao chini yake, na kila wiki unakiinua kwa jeki, unavigongoa, unasogeza. Usipofanya hivyo, maji yanapanda juu ya barafu siku ya joto, yanaganda tena, na kibanda kinashikwa kama jino kwenye ufizi. Mtoto wa darasa la pili anajua.

"Vigogo ni vya vibanda vya zamani, Duke," Orrin akasema. "Hiki ni cha kisasa."

"Barafu nayo ni ya kisasa?"

Orrin akapanda pikapu yake akaondoka, na sisi tukadhani atarudi alfajiri na fimbo zake za kuvulia kama tulivyodhani miaka yote. Duke alisema mara moja mwezi wa kwanza kwamba hajaona hata moshi kwenye kibanda hicho. Orrin akamjibu kwamba majiko mapya hayatoi moshi. Basi.

Jumatatu yenyewe ikafika, na huku Jumatatu hiyo ni sherehe. Watu wanaleta viti vya kukunja, wanachoma soseji juu ya barafu, wanatazama wenzao wakivuta vibanda, wanacheka wanaokwama. Mimi nilishuka na mitungi mitatu ya kahawa. Jua lilikuwa linang'aa na juu ya barafu palikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo. Kufika saa tisa vibanda vyote vilikuwa vimetoka, kasoro kimoja.

Orrin alikuja saa tisa na nusu, kofia mpya, glavu safi. Akafunga mnyororo kwenye pikapu, akabonyeza kile kitufe chake cha kushusha magurudumu. Mashine ikanguruma. Kibanda hakikutikisika. Akabonyeza tena. Kikatoka kilio fulani, kisha harufu ya kuungua.

"Mwenyekiti," Duke akaita kutoka kwenye kiti chake, soseji mkononi, "labda hakijaambiwa leo ni Jumatatu!"

Watu wakaangua kicheko. Tulikuwa kama sitini hivi.

Orrin akaingia kwenye pikapu. Nikamwona Renae Bellanger, huyo ndiye Bibi Samaki wetu, anatembea haraka kuelekea dirishani kwake. "Orrin, usivute hivyo. Kimeganda. Chimba kwanza."

"Bibi, mimi nimevuta vibanda kabla hujazaliwa."

Akakanyaga mafuta. Matairi yakazunguka, yakarusha maji mpaka kwenye makaa ya soseji, halafu yakashika. Pikapu ikaruka mbele. Ukasikika mpasuko ambao sijawahi kuusikia maishani, na nyumba ya kisasa ikamfuata Orrin: kuta, paa, madirisha, runinga inaning'inia kwa waya. Yote ilikwenda, isipokuwa sakafu. Sakafu ilibaki palepale imeganda, na kapeti lake, na jiko lake, na vitanda viwili, kama sebule iliyosahauliwa uwanjani.

Tukasogea kutazama, maana binadamu ni binadamu, na ndipo tukaona kile ambacho nadhani Orrin angelipa sana tusikione.

Sakafu ya kibanda ina matundu ya kuvulia, na kila tundu lina kifuniko. Vifuniko vya Orrin vilikuwa sita. Vyote sita vilikuwa bado na karatasi ya nailoni ya kiwandani. Duke akainama, akaibandua moja, akafunua. Chini yake barafu ilikuwa nyeupe, laini, nzima. Hakuna keekee iliyowahi kuigusa. Akafunua la pili. La tatu.

"Jamani," Duke akasema, na safari hii hakuwa anatania, "huyu mtu hajatoboa hata tundu moja."

"Baridi nzima?"

"Tazama mwenyewe."

Miezi miwili na zaidi ya "nilipokuwa barafuni juzi", ya "nawashauri wenzangu wavuvi", na mtu hajatia hata uzi majini. Nikaanza kuhesabu Ijumaa zote nilizomkatia pai nikimpa habari.

Orrin alikuwa ameshuka, amesimama, glavu zimeshikana. Renae akatazama jua, akatazama saa yake. Ilikuwa saa kumi kasoro.

"Orrin, nakwambia kwa upole," alisema. "Sakafu ni kibanda. Jiko ni kibanda. Vikiwa vimetoka kabla jua halijazama, siandiki kitu, nakwenda nyumbani kula. Vikibaki, naandika. Hiyo ya klabu yenu siijui, mtajuana wenyewe."

Ya klabu tuliijua sote. Ikiandikwa, kiti cha uenyekiti kimekwenda leo leo, na mtu bila klabu redio inamtaka wa nini? Orrin alijua kuliko sisi. Aliinama, akashika mtaimbo wa mtu, akaanza kugonga barafu. Alikuwa anagonga kama mtu anayebisha hodi.

Wengine wakachukua mashoka. Si kwa upendo. Ubao ukibaki, kiangazi unapasua mashua ya yeyote. Tuligonga saa moja na nusu tukapata kona moja. Barafu ilikuwa imeshika kwa matabaka mawili, la mwezi wa kwanza na la mwezi wa pili, kila moja nene kama tofali. Kwa mashoka tungemaliza kesho jioni.

"Hapa ni msumeno wa Verlyn tu," mtu mmoja akasema.

Kila mtu alikuwa anawaza hivyo. Verlyn ana msumeno wa mashine wenye upanga mrefu, wa kukatia barafu, anautia mafuta ya kupikia ili ziwa lisichafuke. Na Verlyn alikuwepo. Alikuwa amesimama mbali kidogo na Bernelle wake, amevua kofia kwa joto la jua, msumeno uko juu ya sleji yake, kile kigari cha kuburuta kwenye theluji. Alikuja nao. Sijui alikuja nao kwa nia gani, na nimemuuliza, hasemi.

Orrin akamwendea. Tukasogea sote tusikie.

"Verlyn. Naomba unisaidie."

"Nitakata," Verlyn akasema. "Dakika ishirini zinatosha. Nijibu kitu kimoja kwanza."

"Sema."

"Wiki hii samaki wako wapi?"

Orrin akatoa kicheko kidogo. "Verlyn, bwana, jua linazama."

"Nimeona. Kama unajua, nambie. Kama hujui, sema hujui. Lolote kati ya hayo, nakata."

Hebu fikiria. Neno moja! Sikuwahi kuona mtu anauziwa kiti chake kwa bei rahisi namna ile. Hakutakiwa kuomba radhi, hata kwa Bernelle aliyekuwa palepale na kovu lake chini ya koti. Alitakiwa kusema sijui, ambalo mimi nalisema mara kumi kwa siku na sijafa.

Akanigeukia. Katikati ya watu sitini, macho yake yakaja kwangu moja kwa moja, kama ilivyokuwa Ijumaa pale jikoni. Haya Arlys, wanasemaje huko nje?

Nilijua jibu. Mbwa wa Duke alijua jibu. Tangu Jumamosi maji ya kuyeyuka yalipoanza kuingia, samaki wa macho ya kioo, ambao ndio tunaowavua huku, wote walihamia mlangoni mwa mto, kwenye maji ya kina cha kiunoni, unawaona kwa macho. Nilinywa kahawa yangu.

Orrin akavuta pumzi, akanyoosha mabega, na ile sauti ikatoka, laini, imejaa asali: "Wiki hii, Verlyn, samaki wako kwenye kina cha futi kumi na nane, upande wa mwamba wa kaskazini, na wanapenda chambo hai."

Yalikuwa maneno yangu ya Ijumaa, hakuacha hata moja.

Kicheko kilichopigwa pale kilifika mpaka barabara kuu. Watu walishika magoti. Duke alikaa chini kwenye maji. Bernelle peke yake hakucheka. Alimtazama Orrin vile unavyomtazama mtu anayekula chakula kilichoanguka.

Verlyn hakucheka pia. Akafunika msumeno kwa turubai, akakaza kamba, akamshika mkewe mkono. "Twende, mama. Kuna baridi inakuja."

"Verlyn!" Orrin akaita. "Verlyn, subiri, nilikuwa natania!"

Verlyn akawasha pikipiki yake ya theluji akaondoka kuelekea upande wa pili, maili kumi na saba.

Tuliobaki tuliendelea kugonga kwa mashoka, na Orrin naye akagonga, sasa kwa nguvu kweli, kofia imemtoka. Tulipata kona ya pili na vitanda vyote. Jua likagusa misonobari, likaingia. Renae akasubiri dakika tano zaidi. Niliziona kwenye saa yake. Halafu akatoa kalamu, akaing'ata kifuniko, akageuza ukurasa.

"Jina kamili," akasema.

"Renae, unanijua."

"Jina kamili, bwana."