Kadi Nyekundu ya Abidjan

Araba Quaidoo aliutaka mfumo huu mwenyewe, ndiyo maana usingizi ulimpaa. Ni yeye, mkuu wa mipango katika kiwanda cha juisi ya mananasi pale Tema, Ghana, aliyezunguka kampuni nyingine akilinganisha mifumo. Aliukataa ule wa bei kubwa wenye michoro ya kupendeza, akachagua ulio mwepesi: mpango wa miaka mitano uwekwe kando, kila idara ipewe malengo ya miezi mitatu, na kila baada ya wiki mbili wakuu wakutane mbele ya ukuta mmoja. Lengo linalokwenda vizuri, kadi ya kijani. Lililokwama, nyekundu, na anayeibandika asiguswe.

Neno "asiguswe" aliliandika yeye. Bwana Ashietey, mkurugenzi, alilipitisha huku akicheka. Lakini mkuu wa mipango aliyemtangulia Araba alimpelekea habari mbaya mara moja tu, na jioni hiyo hiyo alionekana getini amebeba vitu vyake kwenye boksi.

Siku ya kikao cha kwanza, Araba alishindwa kumeza kenkey yake, ugali wa mahindi yaliyochachushwa. Fiifi, mkuu wa mauzo, alimfuata mezani.

"Dada, soko letu la Abidjan limekufa," alinong'ona. "Maduka yanaturudishia chupa."

"Basi bandika nyekundu."

"Nibandike mimi? Abidjan ni kipenzi cha mzee Ashietey. Wewe si ndiye uliyetuletea huo ukuta?"

Kikaoni wakuu walipita mmoja mmoja. Kijani. Kijani. Hata fundi mkuu, ambaye mtambo wake wa kujazia chupa ulikuwa umelala tangu Jumatatu, alibandika kijani akarudi kitini bila kumtazama mtu. Fiifi alifika kwenye mstari wa Abidjan. Naye akaweka kijani.

Bwana Ashietey akatabasamu. "Mnaona? Mfumo wa dada yetu hata haung'ati."

Wakacheka, cheko la watu wanaotafuta mlango. Araba alijua akinyamaza leo, ukuta ule utabaki pambo, na uongo wa zamani utakuwa umepakwa rangi tu. Akasimama. Akaibandua kadi ya Fiifi, akabandika nyekundu.

"Abidjan imekwama, bosi," alisema. "Tukiendelea kuibeba, itatuzamisha."

Mkurugenzi aliinuka, akauendea ukuta, akasimama akiwa amewapa mgongo.

"Nani mwingine alijua?"

Fiifi akainua mkono. Fundi akafuata. Kisha wote.

"Na mimi nilijua," alisema Bwana Ashietey, bila kugeuka. "Tangu Aprili. Ninyi mnaniogopa mimi, mimi nawaogopa wenye hisa."

Upole wa sauti ile ulimtisha Araba kuliko hasira aliyoitarajia.

"Kesho tutakwenda kwao, wewe na mimi," aliongeza. "Sijui watanifanya nini."

Wenye hisa waliwahoji asubuhi nzima. Abidjan ikafungwa. Bwana Ashietey akaachiwa kiti chake, ila kwa miezi mitatu tu, atazamwe. Kwenye kikao kilichofuata, kadi nyekundu zilizishinda za kijani. Araba alizitazama. Sasa kila mtu alikuwa anasema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa mbaya kuliko walivyodhani.