Wimbo wa Nne, Upande wa Pili

...maana nilichomwambia fundi ni wimbo mmoja tu, wa nne upande wa pili, anihamishie kwenye simu nikampelekee baba, basi, kazi fupi, na yeye akaipeleka kanda mbele, akanivalisha hizi hedifoni zake zinazobana masikio, akausimamisha wimbo katikati, na sasa kidole kiko juu ya kitufe, ananitazama, ameuliza kitu nami nimekisikia nusu, dada, kuna mtu anaimba nyuma huku, nimtoe? Mtu gani tena, hapo nyuma ni yule mwanamke wa bendi, anayeitikia kwa chini chini, kila mtu anamjua... ila si kila mtu, binamu yangu mjuaji alipoutafuta wimbo huu kwenye simu yake hakukuwa na mwanamke wala kivuli chake, wanaume watupu, nikamwambia hiyo yako feki, tukabishana mpaka chai ikapoa, nikaapa kwamba ya baba ndiyo yenyewe, na ya baba ni hii hapa, aliirekodi kwa mkono wake, aliazima santuri kwa jirani pamoja na mashine yake, waya wa kuunganisha hakuwa nao, akaiweka redio kaseti mbele ya spika, akafunga madirisha, akaamuru nyumba nzima inyamaze, shangazi huisimulia hiyo akicheka mpaka anashika mbavu, eti hata kuku walifukuzwa uani... lakini nyumba nzima ilikuwa nani? Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, na shangazi alikuwa bado kwake, alikuja kunilea baadaye, mama alipokwisha kuondoka, sasa ni nani mwingine aliyeambiwa anyamaze...

Dada, anasema fundi, nami nanyanyua mkono, ngoja kidogo. Mama hazungumzwi kwetu, si kwamba anasemwa vibaya, hasemwi kabisa, nilipouliza alikuwa na sura gani shangazi alinijibu kajitazame kwenye kioo uache maswali, nikajitazama, lakini kioo hakitoi sauti, na sauti yake ilikuwaje, nzito, nyembamba, ya kukwama kooni, hilo sikumuuliza mtu, ningemuuliza nani, baba? Baba wa kila Jumapili, akishanyoa ndevu anaiweka kanda hii tangu wimbo wa kwanza, na ole wako uguse kitufe, albamu si bakuli la karanga la kuchaguachagua, alisema, waliozipanga nyimbo walikuwa na akili zao, unaanza mwanzo unamaliza mwisho, nami nimenuna kwenye zile mbili za kwanza zisizokwisha, nangoja ya tatu yenye gitaa, kisha kanda inageuzwa, na ikifika ya nne anaacha kila alichoshika, hata kijiko anakilaza taratibu kisigonge kikombe, nikadhani ni tarumbeta, mzee wa watu anapenda tarumbeta. Sasa redio imekufa, masikio yake nayo yamechoka, ndipo nikajifanya mwerevu, nimpelekee huo mmoja asihangaike na zile nyingine...

Rudisha kidogo, namwambia fundi, kidogo tu, naye anarudisha, tarumbeta, ngoma, halafu huyo hapo, hayuko na bendi hata kidogo, yuko chumbani, nasikia ukuta nyuma yake, na mwimbaji anaposhuka yeye anapanda, anapanda peke yake bila wasiwasi, na hapo hapo ndipo mimi hupanda, mume wangu hunicheka, wimbo ukishuka wewe unapanda, umeyatoa wapi hayo, nami sijui, nimerithi au nimeiga kwenye kanda, na kama nimeiga, si ndiye aliyenifundisha... Kiti kinakwaruza, halafu ule mchakacho wa sikuzote, niliouzoea tangu utotoni kupitia ile spika yetu iliyochanika, kumbe si mchakacho, ni watu, mwanamume kwanza, sauti changa, ya baba kabla hajajifunza kununa: "Nyamaza, inarekodi." Na mwanamke, karibu kabisa na sikio langu, kicheko kimemjaa mdomoni: "Si irekodi."

Si irekodi. Kumbe ndiyo hiyo sauti yake, kavu kidogo, na ina haraka kama yangu. Baba angeweza kuirudia kanda, santuri ilikuwa bado hapo mezani, hakurudia, na angetaka angekwenda moja kwa moja kwenye wimbo huu kila Jumapili, ila mimi ningeuliza kulikoni, na angesema nini mbele ya shangazi, basi akapita njia yote, wimbo kwa wimbo, ili amfikie kama vile amekutana naye tu, na mimi nimeketi pembeni yake miaka yote hiyo, nimenuna, namsubiri mama yangu bila kujua. Ningempelekea kipande hiki peke yake ingekuwa kama kumwambia mzee nimekukamata... nina hasira naye, na nina furaha, vyote kwa pamoja. Kidole cha fundi bado kiko pale pale. Dada, nimtoe au nimwache? Namwambia arudishe mwanzo, upande wa kwanza, wimbo wa kwanza. Anauliza, zote? Zote, namwambia, na usisafishe kitu.