Shali ya Angustias

Kila siku saa sita mchana mimi hustaafu. Huu mwaka wa nne sasa. Watalii wanashushwa bondeni na basi lao, wameshazungushwa miji ya Toledo, Kordoba na Sevilla ndani ya siku nne, wanapanda mlima wetu wa Sacromonte miguu imevimba na kuingia pangoni kwetu kutazama ngoma. Wakishakaa, Eloy, mtoto wa kaka yangu, anashika kifua na kutangaza: "Mabibi na mabwana, mna bahati! Leo shangazi yangu Angustias anacheza ngoma yetu ya flamenko kwa mara ya mwisho!"

Muongo mkubwa. Nacheza, goti linalia kama bawaba mbovu, watu wanatokwa machozi. Mwishoni navua shali ya hariri na kumvika Saray, binti wa Eloy, maana katika ukoo wetu anayevishwa shali ndiye mchezaji wa pango mpaka astaafu. Watalii wakiteremka, Saray ananirudishia. Kesho tena.

Mwaka huu goti limekataa. Daktari kasema niache.

"Eloy, nataka kustaafu."

"Si unastaafu saa sita?"

"Kweli kweli, mwehu wee!"

Akacheka mpaka akakohoa. Alipoona mimi sicheki, akasema, "Basi shali abaki nayo Saray. Shida iko wapi?"

Shida iko hapo hapo. Saray ana miaka kumi na tisa, na chini ya godoro lake ameficha barua ya chuo cha uuguzi mjini Málaga. Ni mimi tu aliyenionyesha. Mimi shali ile nilivishwa kweli nikiwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo sijalala nje ya mlima huu hata siku moja. Najua inavyokaba.

Nikawaza. Picha ya shali iko kwenye kila karatasi ya matangazo ya safari. Ikipotea, hakuna tena onyesho la kustaafu, na watalii watapelekwa pango jingine. Liwalo na liwe.

Jumanne likaja kundi la Wakanada. Mbele alikaa mama mmoja mnene, jina lake limening'inia kifuani: Doreen. Alilia tangu nilipoinuka. Nilipomaliza kucheza nikavua shali. Saray akainamisha shingo kama kawaida yake. Nikampita, nikamvika Doreen.

Pango zima likalipuka kwa shangwe: "Olé! Olé!" Eloy alitabasamu kwa meno tu, macho yananichinja. Angefanya nini mbele ya watu arobaini wenye simu mikononi? Akapiga makofi.

Walipoteremka nikavua viatu. Jamani, nilifurahi! Eloy anafoka, "Shangazi umetuua! Umetuua!" nami namjibu, "Afadhali," huku Saray analia na kucheka kwa pamoja.

Nusu saa haijapita, mlango ukafunguliwa. Doreen huyo, uso mwekundu, jasho linamtiririka, kapanda mlima wote ule peke yake. Mikononi ana shali, kaikunja vizuri. Akasema maneno mengi kwa lugha yao. Saray akanitafsiria.

"Bibi, anasema baba amewaeleza hii shali ni ya bibi yake bibi yako. Anasema hawezi kuichukua. Kitu cha ukoo kisitoke nje ya ukoo."

Na hilo ndilo neno pekee la kweli ambalo Eloy amewahi kuwaambia watalii. Doreen akanibusu mashavu yote mawili, akaondoka. Mtu mwema kupita kiasi. Nilitamani kumtupia kiatu.

"Mungu mkubwa!" Eloy akajifuta uso.

Saray akaja mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe, bibi. Wewe kapumzike. Ile barua nitaichana."

"Barua gani?" akauliza Eloy.

Mikono ile ilikuwa inatetemeka. Yangu pia ilitetemeka siku ile nilipovishwa, na hakuna aliyeitazama.

"Toa mikono yako hapa," nikamwambia. "Eloy, mtoto wako anakwenda Málaga mwezi wa tisa kusomea uuguzi, na wewe ndiye utakayembebea begi. Kesho kuna kundi gani?"

"Wajerumani," akasema.

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

Nikajitupia shali mabegani, nikaifunga fundo.

"Waambie nastaafu."