Altare Getini kwa Bibi Debus

Padri alikuwa amesema wazi: altare nne, au hakuna maandamano ya Ekaristi. Tatu zilishapatikana. Ya nne ilibidi iwekwe getini kwa mtu mwenye nyumba, na Wakatoliki wote wa kijiji kile cha Hesse, Ujerumani, walikuwa wapangaji, watu waliofukuzwa kwao Bohemia baada ya vita, kila mmoja na furushi lake. Hermine Sagner, mmoja wao, hakuwa na hata kizingiti.

Akamwendea mwenye nyumba wake, Bibi Debus, Mlutheri tangu enzi za mababu, akamkuta anamenya viazi.

"Getini kwangu?" Bibi Debus akacheka. "Marehemu baba atatoka kaburini na fimbo!"

"Nusu saa tu, mama. Mwaka jana hatukuandamana. Binti zangu watadhani Mungu tulimwacha kule kule."

Bibi Debus akamenya viazi vitatu. "Nitaona," akasema.

Asubuhi ya Sikukuu ya Mwili wa Kristo, Hermine na binti zake walitoka na vikapu vya maua ya kutandaza njiani. Geti lilikuwa bado limefungwa. Tena jirani, mzee Velten, alikuwa anakuja na mkokoteni wa ng'ombe uliojaa samadi, makusudi kabisa, achafue njia ya maandamano.

Mara geti likafunguka. Bibi Debus akatoka na ufagio, kavaa gauni lake jeusi la kanisani.

"Velten! Rudisha samadi yako!"

"Kha! Umekuwa Mkatoliki lini?"

"Mimi Mlutheri kuliko wewe unayekoroma kanisani. Geuza ng'ombe!"

Velten akageuza, akinung'unika. Nyuma ya Bibi Debus kulikuwa na meza, imetandikwa kitambaa cha kitani cha harusi yake.

"Sijui huwa mnaweka nini juu," alisema kwa haya. "Nimeweka maua tu."

"Yanatosha, mama," Hermine akajibu, macho yamelowa.

Watu walikuja kutoka vijiji saba. Hermine, ambaye mwaka mzima alipita akijibanza ukutani, alitembea katikati ya barabara, kichwa juu. Getini wote walipiga magoti. Bibi Debus hakupiga. Alisimama wima kando ya meza yake, akifukuza kuku kwa mguu taratibu, asiwavurugie sala.

Padri aliposema amina, Hermine hakumngoja kiongozi wa kwaya. Alianzisha wimbo yeye mwenyewe, kwa mahadhi ya kwao Bohemia, na barabara nzima ikaupokea.