Saa Iliyoandikwa Kwenye Glavu

...moja kasoro robo, au moja na robo, moja na nini, jamani, na nesi bado amesimama mbele yake, kalamu juu ya fomu, anauliza tena, "Binti, mara ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?", kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, na mwanafunzi anautazama mkono wake wa kushoto, mtupu, safi, umeoshwa kwa sabuni hadi kiwikoni kama alivyofundishwa chuoni, ni siku yake ya kwanza na kikosi cha gari la wagonjwa, na kunawa amenawa vizuri mno, maana saa aliiandika pale pale, mgongoni mwa glavu, wahudumu wote wa gari la wagonjwa huandika hivyo, karatasi hulowa, glavu unayo mkononi, na dereva, yule wanayemwita Breki, alimtania asubuhi, "Mgeni, kazi yako kuandika tu, ukigusa kingine nakushusha njiani," wakacheka, naye akacheka, halafu walipofika akaivua glavu mlangoni pa chumba cha dharura akaitumbukiza kwenye pipa jekundu, kwa adabu zake zote, mpumbavu we... pipa lile pale, limejaa glavu za watu wote tangu alfajiri, zimegeuzwa ndani nje, zina damu, utaipata ipi, na mhudumu mkuu yuko nyuma ya pazia amemshikia mgonjwa, yule mzee, barakoa ya hewa, hata akiitwa hajui, hakusikia, aliyeambiwa saa ni mwanafunzi peke yake... kumbuka basi, kichwa wee, kumbuka, wazimamoto wawili na mtaimbo, mlango wa bafu ukalia kraa, mzee chini kwenye maji, mdomo umekwenda upande, na mkewe akamng'ang'ania yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyesimama bila kazi, "Mwanangu, aliniomba sabuni, nikampitishia hapo mlangoni, akanitania kabisa, eti nikichelewa kazini nisimsingizie, nikaenda zangu, nimerudi sasa hivi mlango bado umefungwa, ilikuwa saa moja..." saa moja na nini, mama, rudia, na bomba bado linamwaga maji, na Breki anapiga honi nje, na aliandika, wallahi aliandika, anauona wino, anakiona kidole gumba chake mwenyewe, tarakimu hazionekani...

"Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda," nesi anasema, "mwisho wake ni muda wa saa nne na nusu tangu alipoonekana mzima, zikizidi inaweza kumuua," na saa ya ukutani ni tano na dakika ishirini, kwa hiyo ikiwa moja na robo mzee ana dakika ishirini na tano, ikiwa kasoro robo hana hata moja, sema na robo basi, sema kwa uhakika, nani atajua, atapewa dawa, atainuka, ripoti ya chuo itaandikwa binti makini... na damu ikimvuja ubongoni? Haya, sema kasoro, upone, ndiyo, wewe utapona, na yeye aliyeomba sabuni tu je, anaogopa, anataka mama yake, na kwani wanamuuliza yeye wa nini, mtoto wa chuo, wasimuulize mkewe, mkewe si ndiye... ehe, mkewe yuko wapi? Mbona hayupo? Mke gani anamwacha mumewe aje peke yake... kiti cha ndugu ni kimoja, pembeni ya machela, na nani alikikalia, nani alirukia garini, akafunga mkanda, akajiona mtu wa maana, na yule mama akabaki mlangoni, kiatu kimoja mguuni, mkono juu, anasema kitu, na Breki akaondoa gari... na huyo aliyekaa kitini, hakumwona? Alimwona. Alidhani nini, alidhani anawaaga...

"Binti?"

Nesi hajasogea, na saa ya ukutani ni ile ile tano na ishirini.

"Sijui, dada," anasema, na sauti inamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Niliandika, nimetupa. Anayejua ni mkewe, na kiti chake nilikalia mimi. Wazimamoto walibaki naye kule nyumbani, waiteni kwenye redio, upesi."