Soda za Tajiri

Kwenye duka la magodoro walimwita Kontena, na kazi yake kubwa haikuwa kuuza bali kulala. Mteja akisitasita, tajiri alipaza sauti: "Kontena, hebu panda!" Naye alijitupa juu ya godoro, watu wakavunjika mbavu, tajiri akamalizia: "Likimhimili huyu, wewe litakuzika!" Kontena alicheka pia, kicheko cha meno tu.

Maumivu ya magoti yalipomzidi akaenda hospitali, amejiandaa kusimangwa. Madaktari waliotangulia walimwambia apunguze mdomo, basi. Huyu, mama wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huu ni ugonjwa, baba, si ulafi. Unatibika."

Kontena alimtazama kwa jicho la pembeni. Anataka nini huyu? Hata baada ya kuanzishiwa sindano ya kila wiki na kupangiwa chakula, alimuuliza mkewe, "Una hakika hawanifanyii majaribio?"

"Kama ni majaribio, waambie waniandike na mimi," mkewe akajibu.

Mwanzoni kichefuchefu kilimtesa, daktari akampunguzia dozi. Taratibu suruali zikaanza kumpwaya. Kazini hakumwambia mtu.

Ndipo tajiri alipoingiwa na ukarimu. Mtu ambaye hajawahi kumnunulia mfanyakazi hata maji, sasa kila mchana alileta soda na viazi vya kukaanga. "Kula, ndugu yangu. Mbona umesinyaa?" Kontena alishukuru, akampelekea mlinzi. Moyoni akajumlisha mambo: nikikonda, nani atapanda magodoro? Jamaa ananinenepesha kama ng'ombe wa mnada. Akaanza kumtegea sikio. Siku moja, akipita nje ya ofisi, alimsikia tajiri akiongea kwenye simu: "Huyu Kontena... bora mapema, kabla mambo hayajaharibika."

Damu ilimchemka. Akasukuma mlango.

"Tajiri, unamtafuta nani wa kulala badala yangu?"

Tajiri nusura aiangushe simu. "Kulala? Naongea na shemeji yangu, nesi. Namuuliza nikupelekeje hospitali." Akashusha sauti. "Kaka yangu alikonda hivyohivyo. Akaficha, tukamzika. Nikasema wewe angalau ule."

"Niko kwenye matibabu. Ya unene."

"Sasa si ungeniambia?"

"Nikuambie wewe, unayewachekesha watu kwa mwili wangu kila siku?"

"Mbona ulikuwa unacheka?"

"Ulitaka nilie mbele ya wateja?"

Kontena akamwambia waziwazi kwamba hapandi tena godoro, na kwamba ana jina lake. Tajiri akakubali haraka, haraka mno kwa mtu mbishi kama yeye.

Akahamia kaunta, akauza kwa maneno. Wateja wa zamani waliouliza "yule bonge wenu yuko wapi" aliwajibu mwenyewe: "Ndiye mimi. Nikusaidie nini?" Baadhi walinunua, baadhi wakaona aibu wakatoka. Soda zilikoma. Tajiri alijitahidi na jina, ingawa lile la utani lilimponyoka mara kwa mara, akaomba radhi.

Kliniki, Kontena alimsimulia daktari yote. "Huyo kaka, labda kweli, labda kamtunga palepale."

"Na mimi je, bado unanishuku?"

"Kidogo," Kontena akasema.

Daktari akacheka, akamuuliza wiki ijayo aje siku gani.

"Jumanne," akajibu, na Jumanne alikuja.