Mgeni Aliyetoka Jikoni

Jumanne jioni mke wa fundi lifti alikuwa amesimama jikoni akikata vitunguu, mafuta yanapata moto, aliposikia nafsi yake inamtoka. Haikumuuma. Ilikuwa kama kuvua gauni linalobana kwapani. Nafsi ikasimama pembeni ya ndoo ya maji, mwanamke kamili wa umri uleule, ikanyoosha mabega. Kisha ikatokea mlango wa nyuma, ikaizunguka nyumba na kubisha hodi mlango wa mbele.

Shida yake ilikuwa moja tu. Mzee mwenye karakana ya miwani, ambako mke huyu alikuwa akisaga lenzi kabla hajaolewa, alikuwa amepiga simu kusema nafasi yake ipo, ila anataka jibu kabla ya Jumamosi. Kila alipomwambia mumewe, mumewe alijibu, "Tutaongea." Alijibu hivyo akivua viatu, akipiga mswaki, na mara moja akiwa amelala fofofo.

Fundi lifti alifungua mlango.

"Mimi ni nafsi ya mke wako," mgeni alisema.

"Ahaa! Karibu, karibu ndani. Usivue viatu." Akafikiri kidogo amwite nani, akaona shemeji inatosha.

Mama yake fundi, ambaye kochi kubwa alikuwa amelijaza peke yake, alihamia kiti cha plastiki. Mabinti wawili wakaitwa waje kuamkia. Wakasema shikamoo, wakamtazama, wakarudi kwenye hesabu zao. Vikombe vyenye mstari wa dhahabu vikatolewa kabatini. Mke wa fundi alikuwa akivifuta vumbi kila wiki, lakini kuvinywea, bado.

"Wewe huko!" mama mkwe aliita kuelekea jikoni. "Tuna mgeni. Ongeza kitoweo!"

"Haya, mama," jikoni kukajibu.

"Enhe, shemeji, habari za siku nyingi?"

"Si nzuri. Nataka kurudi kazini."

Fundi lifti akazima televisheni. Mgeni akamweleza jinsi kioo kinavyoanza kikiwa na ukungu, unavyokisaga ukikisikiliza, na jinsi mzee mmoja alivyovaa miwani yake ya kwanza akamgeukia mkewe na kumwambia, kumbe una kidoti hapo. Fundi alisikiliza kidevu kikiwa kiganjani.

"Mambo haya sijawahi kuyasikia," alisema.

"Nimekueleza tangu tukiwa wachumba."

"Labda siku hiyo sikuwa nimekaa vizuri."

Mama mkwe akavuta kiti karibu. "Laiti mwanangu angeoa mtu wa maana kama wewe."

"Mbona alinioa, mama."

"Alikuoa, sikatai. Lakini ulikuja kama mkwe."

Mgeni akaona neno limesikika, kazi yake imekwisha. Akainuka. "Basi ngoja niingie jikoni nirudiane na mwenzangu."

Nyumba nzima ikasimama naye. "Hee! Mgeni aingie jikoni? Unataka majirani watuseme?" Wakamkalisha. Baadaye akasema anakwenda kunywa maji, maji yakaletwa. Akasema anataka kunawa. Likaja beseni na taulo jipya. Upande wa pili mke naye hakupata nafasi ya kutoka, maana mgeni alikuwa akipikiwa mara tatu kwa siku na sinia zilibebwa na mabinti.

Alhamisi akaja mwalimu mstaafu wa nyumba ya jirani, aliyejulikana mtaa mzima kama Mwalimu Kwahiyo. Alimzunguka mgeni mara moja, akaketi, akapokea kikombe.

"Wapo wanafalsafa waliosema nafsi ni mpangaji na mwili ni nyumba," alisema. "Kwahiyo, mpangaji wenyewe huyu hapa. Lakini wapo waliosema mpangaji hayupo. Ukijichungulia utakuta joto, njaa, maumivu, vinapita tu kama abiria stendi. Mwenyewe humwoni." Akaenda hadi mlango wa jikoni, akasimama kizingitini kwa heshima. "Mama, samahani. Hebu jichungulie ndani. Unaona nini?"

Mke akaweka mwiko chini, akafumba macho. "Joto. Vitunguu. Mguu wa kushoto unauma."

"Nani anaumwa?"

"Mguu."

"Safi kabisa!" Mwalimu akarudi sebuleni uso umemkunjuka. Kila mwanafalsafa alikuwa amepata ushahidi wake, na chini ya paa moja.

"Huo mguu ni wangu," mgeni alisema.

"Pole sana," wakasema wote, wakamletea stuli aunyooshee.

"Halafu wapo wengine," Mwalimu Kwahiyo aliendelea, "wanaosema mtu huwa mtu kwa jinsi wenzake wanavyompokea."



"Hao sijawaelewa," mama mkwe alisema. "Mwalimu, nikuongeze chai?"

Ijumaa jioni mgeni alimkumbusha fundi lifti kwamba kesho ni Jumamosi. Fundi aliruka kwenye kiti.

"Shemeji, nafasi hiyo usiiache! Kipaji kama chako kikae bure nyumbani? Mpigie huyo mzee sasa hivi. Jumatatu nakupeleka mwenyewe."

"Na mke wako?"

"Ah, yeye tutaongea."

Jumatatu akampeleka, akimbebea mkoba. Mzee wa miwani alimtazama anavyoinua kioo kwenye mwanga, akampa aproni bila kuuliza kitu.

Jioni aliporudi, vumbi la kioo likiwa bado nyusini, fundi alimpokea mlangoni akampa pole ya kazi. Mabinti walikuwa dukani. Mama mkwe akapaza sauti: "Wewe huko, harakisha chai! Mwenzio amechoka, ametoka kazini!"

Mke akatoka mwenyewe na sinia. Tangu Jumanne ile hawakuwa wamekaribiana hivyo. Mgeni akapenyeza mkono chini ya sinia, akamshika kiwiko, akangoja warudiane. Kijiko kililia kidogo kwenye kisahani, basi.

"Nimekutilia sukari vijiko viwili," mke alisema.

"Mimi huwa sinywi na sukari."

"Jamani, nisamehe, dada. Sikujua."

Akakichukua kikombe, akarudi nacho jikoni kubadilisha.